Roma Mpaka Los Angeles ni Umbali Gani?



Leo nataka kuwaeleza habari ya kosa nililolifanya nyumbani kwangu. Lilianza kama kosa la hesabu, likageuka kuwa kosa la roho. Naandika kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mna watoto walio mbali, wengine mapadre na masista, wengine wanafunzi na wafanyakazi, nanyi mnapenda kujua wamefika umbali gani. Pili, nadhani wako akina baba wengine wenye ugonjwa kama wangu, yaani ugonjwa wa kudhani kwamba mtu aliyesoma hawezi kukosea.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka 34 nilifundisha hesabu na jiografia katika shule za msingi. Siku ya kuagwa, walimu wenzangu walinipa zawadi ya ramani kubwa ya dunia, nami nikaitundika sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Mtu akija kuniuliza habari za nchi yoyote, humwonyesha pale ukutani, naye huondoka ameridhika. Basi ramani hiyo ndiyo iliyonitia aibu.

Binti yetu wa tatu ni sista. Alikuwa masomoni Roma, halafu wakubwa wa shirika lake wakamtuma Los Angeles, huko Marekani, akawahudumie wazee. Alisafiri mwezi wa Septemba. Alipofika alitupigia simu, na mama yake akaiongeza sauti ili tusikie sote.

Sista akasema: "Mama, tuliruka Roma saa sita mchana, tukakaa angani saa kumi na tatu, wala sikuona jua likitua. Tulipofika huku ilikuwa saa kumi jioni, siku ile ile. Tena katikati ya safari nilichungulia dirishani, nikaona nchi nzima ni barafu, milima ya barafu, na vipande vyeupe vinaelea baharini. Jirani yangu wa kiti akaniambia kwamba hiyo ni Greenland."

Nikadakia: "Ni kilomita ngapi toka Roma?"

Akajibu: "Kile kioo kidogo kilichokuwa mbele ya kiti changu kilionyesha kilomita 10,200, Baba."

Mama yake akamshukuru Mungu kwa kumfikisha salama. Mimi nikaenda kuchukua rula.

Niliweka rula ukutani, ncha moja Roma na nyingine Los Angeles, nikapiga mstari mwembamba kwa penseli. Mstari ukapita juu ya Hispania na Ureno, ukakata bahari ya Atlantiki, ukaingia Marekani upande wa mashariki, ukaivuka nchi yote mpaka Los Angeles. Barafu haikuwapo popote. Greenland yenyewe iko juu kabisa kwenye ramani, mbali na mstari wangu. Halafu nikaupima mstari kwa kipimo kilichoandikwa chini ya ramani, nikapata kama kilomita 14,500. Nikarudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Nikajiambia: Sista amesema 10,200, ramani inasema 14,500. Kilomita zaidi ya 4,000 zimepotea wapi? Tena ameona barafu mahali ambapo hapakuwa njia yake. Tena amekaa angani saa kumi na tatu na jua halikutua. Mambo matatu, na hata moja halikubaliani na ninachokijua.

Ndugu wasomaji, hapo ningeweza kusema, "Ngoja niulize." Sikusema hivyo. Nilimwambia mke wangu, "Mtoto huyu anatuficha jambo. Huenda hayuko huko anakosema yuko." Mke wangu akashika kichwa. Usiku ule hakulala. Mara aliogopa kwamba rubani alipotea njia, mara aliogopa kwamba binti yake amepelekwa nchi nyingine ya baridi bila ridhaa yake. Nami badala ya kumtuliza, asubuhi niliazima simu ya kijana wetu, nikamwandikia Sista maneno haya: "Mtawa hasemi uongo. Nimepima safari yako na haipatani na maneno yako. Sema kweli, uko wapi?"

Jibu lilikuja jioni, fupi mno: "Baba, nimesema nilichokiona."

Tangu siku ile, kwa muda wa majuma mawili, Sista alimpigia simu mama yake tu. Humwuliza, "Baba hajambo?" Mama yake humjibu, "Hajambo," na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikaa kitini pangu nikijifanya sisikii. Wahenga walisema hasira hasara, lakini mtu aliye ndani ya hasira huona kwamba hasara ni ya mwenzake.

Jioni moja mke wangu alikuwa akitengeneza rozari zilizokatika, kazi anayowafanyia akina mama wa jumuiya yetu. Bila kuinua macho akaniuliza:

"Baba Kizito, si ulikuwa ukiwafundisha watoto kwamba dunia ni mviringo?"

"Ndiyo."

"Mbona basi unaipima ukutani?"

Nikamweleza kama mwalimu kwamba ramani ni dunia ile ile iliyotandazwa. Akaninyoshea chungwa lililokuwa mezani. "Menya hili, kisha ulitandaze ganda lake. Uone kama litalala bila kupasuka au kuvutwa."

Sikumenya. Nilijua jibu. Mke wangu aliishia darasa la nne, nami nimewafundisha watoto mia nyingi, lakini jioni ile mwanafunzi nilikuwa mimi.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulipitia shuleni. Mwalimu mkuu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe. Akatutolea kabatini tufe, yaani ule mpira wenye ramani ya dunia. Mke wangu akafungua upindo wa khanga, akatoa uzi wake wa kutengenezea rozari. Mwalimu akamwonyesha Roma, na baadaye Los Angeles. Akashikilia uzi kwa kidole pale Roma, akaulaza kwenye njia niliyomtajia, ya Hispania na Ureno, mpaka Los Angeles. Halafu akauvuta ukaze.

Lo! Uzi haukukaa. Uliteleza wenyewe kuelekea kaskazini, ukatulia huko juu. Nikaurudisha kwa vidole vyangu kwenye njia yangu, naye ikambidi aongeze uzi ndipo ufike. Akasema, "Unaona? Njia yako inakula uzi mwingi."

Tukaufuata uzi uliokazwa, nchi moja baada ya nyingine. Kutoka Roma ulipita juu ya Ufaransa, ukagusa Uingereza na Ireland upande wa kaskazini, ukaingia Atlantiki, ukapita juu ya Greenland upande wake wa kusini, halafu Kanada na ghuba kubwa ya Hudson, kisha ukashuka katika milima ya Marekani na jangwa la Nevada, mpaka Los Angeles. Mke wangu akaweka kidole juu ya Greenland, akanitazama. Hakusema neno.

Sasa, msomaji mpendwa, nikueleze hesabu yenyewe, maana ni rahisi kuliko unavyodhani, na wewe unaweza kuifanya na watoto wako kama shule yao ina tufe.

Chukua uzi, uzungushe tufe lote kwa kufuata mstari wa Ikweta, kisha uupime. Kwenye tufe lile tulipata sentimita 100 kamili. Dunia yenyewe, ukiizunguka hivyo, ni karibu kilomita 40,000. Kwa hiyo kila sentimita ya uzi ni kilomita 400. Uzi wa Roma mpaka Los Angeles ulikuwa sentimita 25 na nusu. Zidisha mara 400, utapata 10,200. Ndiyo hesabu ile ile aliyoiona Sista kwenye kioo chake.

Ukitaka njia nyepesi zaidi, ukunje uzi wa Ikweta mara nne. Kila kipande ni robo ya dunia, yaani kilomita 10,000. Uzi wa Roma na Los Angeles unazidi robo hiyo kidogo tu. Kumbe binti yetu alikuwa amesafiri robo nzima ya dunia bila kutua.

Pengine utauliza kwa nini dunia ina kilomita 40,000, hesabu nzuri namna hii. Ni kwa sababu mita ilitokana na dunia yenyewe. Mwaka 1791 wataalamu wa Ufaransa walikubaliana kwamba mita iwe sehemu moja katika milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta. Wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, walitumia miaka ya 1792 mpaka 1798 wakipima ardhi kutoka Dunkerque, Ufaransa, mpaka Barcelona, Hispania, ili urefu huo upatikane. Kwa hiyo kila robo ya dunia ikawa kilomita 10,000, ikizidi au kupungua kidogo sana.

Tukaipima na njia yangu ya Hispania. Ilitoka sentimita 28.7, yaani karibu kilomita 11,500. Rubani angefuata mstari wangu wa penseli, angeongeza kilomita 1,300 hivi. Hiyo ni safari ndefu kuliko ya treni kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma! Nani atapenda kuchoma mafuta ya namna hiyo ili kumfurahisha mwalimu mstaafu?

Lakini zile 14,500 zilitoka wapi? Hapo ndipo nilipojifunza habari ya ramani yangu. Ramani ya namna ile iliundwa na mtaalamu mmoja aliyeitwa Gerardus Mercator, mwaka 1569, kwa ajili ya mabaharia. Baharia alitaka mstari mnyofu ambao akiufuata, dira yake itaonyesha upande mmoja tu tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Mercator akampa mstari huo, lakini ili aupate ilimbidi azivute nchi. Kadiri nchi ilivyo mbali na Ikweta, ndivyo inavyovutwa zaidi. Kwenye digrii 60 za kaskazini kila kitu kimevutwa mara mbili. Ndiyo maana Greenland kwenye ramani ile inaonekana kubwa sawa na Afrika, na kumbe Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Kile kipimo kilichoandikwa chini ya ramani ni cha kweli kwenye Ikweta peke yake. Mimi nilikitumia huko kaskazini, kama mtu anayepima mahindi kwa debe lililobonyea.

Kwa hiyo ramani haikusema uongo. Ilitengenezwa kujibu swali la baharia, nami nikaiuliza swali jingine.

Mwalimu mkuu akatuonyesha pia jinsi mashine za siku hizi zinavyopata umbali bila uzi. Zinataka hesabu nne tu, mbili kwa kila kiwanja cha ndege. Kiwanja cha Fiumicino cha Roma kiko digrii 41.8 kaskazini ya Ikweta, na digrii 12.2 mashariki ya mstari wa Greenwich. Kiwanja cha Los Angeles kiko digrii 33.9 kaskazini na 118.4 magharibi. Ukizipa mashine hesabu hizo, zinatafuta pembe. Fikiri hivi: vijiti viwili vimeanzia katikati kabisa ya dunia, kimoja kimetokea Roma, kingine kimetokea Los Angeles. Pembe iliyo kati ya vijiti hivyo ni digrii 91.8, inazidi kidogo tu pembe ya daftari la mtoto wako, ambayo ni digrii 90. Kila digrii moja ya duara kubwa la dunia ni kilomita 111 na kidogo. Zidisha, utarudi pale pale kwenye 10,200.

Mabaharia na marubani huhesabu kwa maili za bahari. Kila digrii ina maili 60 za namna hiyo, na tangu mwaka 1929 maili moja ya bahari imekubaliwa kimataifa kuwa mita 1,852. Majina ni tofauti, dunia ni ile ile.

Nisikudanganye kwamba uzi unatoa kila kitu. Dunia si mviringo kamili kama mpira mpya. Imejaa kidogo kiunoni: upana wake kwenye Ikweta ni kilomita 12,756, na kutoka ncha mpaka ncha ni kilomita 12,714. Tena ndege haifuati uzi barabara. Rubani hukwepa dhoruba, hufuata njia alizopangiwa na waongozaji, na hutazama upepo. Huko juu kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ndege inayotoka Roma kwenda Marekani hupambana nao, na inaporudi husukumwa nao. Ndiyo maana safari ya kwenda huchukua saa nyingi kuliko ya kurudi. Lakini uzi unakuonyesha njia iliyo fupi kuliko zote, na kwayo ndiyo kila hesabu nyingine huanza.

Likabaki jambo la jua. Hilo nililitatua mwenyewe njiani wakati wa kurudi nyumbani, na nikaona aibu zaidi, kwa kuwa niliwahi kulifundisha ubaoni. Kati ya Roma na Los Angeles kuna tofauti ya saa tisa. Sista aliondoka Roma saa sita mchana. Ongeza saa kumi na tatu, Roma ni saa saba ya usiku. Punguza saa tisa, Los Angeles ni saa kumi jioni. Ndege ilikuwa inakwenda magharibi, upande ule ule linakokwenda jua, kwa hiyo jua halikupata nafasi ya kuitangulia mbali na kutua. Kila neno alilosema binti yangu lilikuwa kweli.

Usiku ule nilimwomba mke wangu simu. Nilitaka kuandika, lakini akasema, "Ulimkosea kwa kuandika. Sasa sema kwa mdomo." Nikapiga. Huko kwao ilikuwa mchana.

Nikamwambia: "Sista, mwanangu, nimepima vibaya. Nilikuita mwongo na mwongo ilikuwa rula yangu. Nisamehe."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kwamba analia. Halafu akasema: "Baba, nilipokuwa darasa la tano ulituambia kwamba jibu likikataa, tusimlaumu aliyetunga swali, tuangalie kwanza tulivyokokotoa. Nilikuwa nangoja uyakumbuke maneno yako."

Sikuyakumbuka mimi. Aliyekumbuka ni mwanafunzi wangu, na aliyenionyesha ni mama yake, kwa uzi wa senti chache.

Basi, wasomaji wapenzi, ninyi mlio na watoto nchi za mbali, wakiwaletea habari msizozielewa, msiwe wepesi wa kudhani wamepotoka. Yako mambo mengi ambayo kutoka sebuleni petu yanaonekana yamepinda, na huko waliko ndiyo njia iliyonyooka. Waulizeni kwa upole. Kisha kama shule ya watoto ina tufe, nendeni na uzi mkapime pamoja, baba, mama na watoto. Msipopata tufe, hata tikiti la mviringo litafaa kuwaonyesha jinsi uzi unavyochagua njia.

Ramani yangu bado iko ukutani, na ule mstari wa penseli sikuufuta. Chini yake mke wangu amepigilia msumari mdogo, ametundika kipande cha uzi cha sentimita 25 na nusu. Wageni wakiuliza ni cha nini, huwaambia ndio umbali wa binti yetu. Nao hukishika, hukivuta kidogo, husema, "Kumbe si mbali sana."

Mungu awalinde watoto wetu wote walio safarini.